Leo Alexander, muganga aliyefungua karatasi za Dachau

Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wakati Ebola ilikuwa inaua watu Kivu ya Kaskazini na Ituri, wagonjwa 681 waliingia katika jaribio la dawa lililopewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa ine zililinganishwa, na mbili zikaonekana kuokoa watu wengi zaidi. Lakini kabla mugonjwa hajawekewa dawa, yeye ao jamaa yake alipashwa kuelezwa mambo yote na kutia sahihi kwenye karatasi. Uvumi ulikuwa mwingi siku zile, na wengi waliona karatasi ile ni kazi ya biro tu, kama zingine zote.

Kumbe karatasi ile ina historia, na historia yenyewe ni ya damu. Inaanzia Ujerumani, katika kambi za wafungwa za wakati wa Hitler, na ndani yake kuna muganga mumoja ambaye jina lake halisikiki sana huku kwetu: Leo Alexander. Yeye ndiye alitumwa kutafuta nini waganga wa Ujerumani walifanya wakati wa vita. Alikuta mambo ambayo hakutazamia, na waliofanya mambo hayo walikuwa watu wa kazi yake mwenyewe, waliosoma vitabu vile vile alivyosoma.

Alexander alizaliwa Vienna, muji mukubwa wa Austria, mwaka 1905, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Gustav Alexander, alikuwa profesa wa magonjwa ya masikio, mutu wa kuheshimiwa. Nyumba ilijaa vitabu na waganga. Kijana alifuata njia ya baba: akasoma udaktari Vienna, akamaliza 1929, kisha akaenda Frankfurt, Ujerumani, kufanya kazi ya magonjwa ya akili na ya ubongo chini ya profesa Karl Kleist. Mwaka 1932 baba yake alipigwa risasi na mutu ambaye zamani alikuwa mugonjwa wake. Alikufa.

Mwaka uliofuata Leo Alexander alikuwa China, Peking, ambako alipata nafasi ya kufundisha na kufanya uchunguzi. Ni huko habari zilimukuta: Hitler amechukua utawala, na Wayahudi wanafukuzwa kwenye kazi za serikali na kwenye vyuo vikuu. Nafasi yake ya Frankfurt ilikwisha namna hiyo. Hakurudi. Mwaka 1934 aliingia Marekani, akaanza katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, jimbo la Massachusetts, kisha akafundisha Boston, na baadaye katika chuo kikuu cha Duke.

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo halipashwi kurukwa. Katika Marekani ya wakati huo, majimbo mengi yalikuwa na sheria za kukata uzazi watu walioitwa wapungufu wa akili, bila ruhusa yao. Kamati moja ya waganga wa mishipa ya fahamu ilichunguza jambo hilo, na Alexander alikuwa ndani. Raporti yao ya 1936 ilisema kwamba sayansi haikuwa na nguvu ya kutosha ya kulazimisha mutu kukatwa uzazi. Ila waliacha mulango wazi kwa wale ambao wataitika wenyewe. Kwa hiyo neno kuitika lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwake, miaka kumi mbele ya Nuremberg. Lakini mulango ule uliachwa wazi, na hata yeye alitia jina lake.

Vita ilipofika aliingia katika jeshi la Marekani kama muganga. Mwaka 1945, Ujerumani iliposhindwa, alikuwa na cheo cha meja na umri wa miaka 39. Wakubwa walimutuma kwa kazi ya haraka: kuzunguka Ujerumani, kuhoji waganga na maprofesa, na kuandika raporti juu ya uchunguzi wao wa wakati wa vita. Wamarekani na Waingereza walitaka maarifa. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha ya kwanza, tuseme kweli. Haki ilikuja nyuma.

Alikuwa mutu anayefaa kwa kazi hiyo. Kijerumani kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa, hakuhitaji mukalimani. Aliwajua wengi kwa majina, kwa maandishi yao. Walimupokea kama mwenzao, na walipomuona ni mwenzao wakasema mambo ambayo hawangemwambia askari wa kawaida.

Mumoja wa wale aliohoji mapema ni profesa Georg August Weltz, karibu na Munich, mutaalamu wa mambo ya ndege. Swali lilikuwa hili: rubani akianguka na ndege baharini, katika maji ya baridi sana, akatolewa akiwa karibu kufa, atapashwa moto namna gani? Zamani waganga waliamini kwamba anapashwa kupashwa moto polepole. Weltz alimweleza kwamba wamegundua kinyume: mutie katika maji ya moto upesi, ataamuka. Walijua hivyo kutokana na majaribio juu ya wanyama, Weltz alisema. Kobayi, wale wanyama wadogo ambao familia nyingi za Kivu zinafuga jikoni. Na wanyama wengine.

Alexander hakutosheka. Kobayi ni kiumbe kidogo, na kutoka hapo hadi kumutumbukiza rubani katika maji ya moto ni kuruka mbali sana. Nani alikuwa na uhakika wa kufanya hivyo juu ya mutu, na aliupata wapi? Aliuliza juu ya wanyama wakubwa, juu ya vyombo alivyoona, juu ya tarehe. Majibu yalikuwa laini, lakini hayakushikana.

Kilichofungua mulango ni redio. Siku moja padri wa jeshi alimusimulia kipindi alichosikia kwenye redio ya Washirika: watu waliotoka kambi ya Dachau walieleza kwamba wafungwa walikuwa wanatiwa ndani ya mapipa ya maji ya barafu mpaka wanapoteza fahamu, waganga wakiwa wamesimama pembeni na saa na vipimo. Padri aliisimulia kama habari ya ukatili kati ya zingine nyingi za siku zile. Alexander aliisikia namna nyingine kabisa. Maji ya barafu, vipimo, kuamusha: ni mambo yale yale Weltz alimweleza, ila bila kobayi.

Kutoka hapo hakuacha. Göttingen alikutana na Hubertus Strughold, mukubwa wa utafiti wa waganga wa ndege, na akapata kwake kwamba Oktoba 1942 kulikuwa mukutano wa wataalamu Nuremberg ambamo majaribio ya Dachau yalielezwa wazi mbele ya waganga wengi. Wengi walijua, basi. Walikaa kwenye viti, wakasikiliza namba, wakarudi nyumbani.

Kisha alikwenda Dachau kwenyewe, akaongea na waliokuwa wafungwa. Walimutajia jina: Sigmund Rascher, muganga wa jeshi la anga na wa SS. Rascher hakuwako tena wa kuulizwa. Himmler, mukubwa wa SS aliyemulinda, alikuwa amemugeukia kwa sababu Rascher na bibi yake walidanganya kwamba wanazaa watoto kumbe walikuwa wanaiba watoto wa wengine. Aliuawa siku chache mbele ya Wamarekani kuingia kambini.

Lakini makaratasi yalibaki. Wamarekani walikuwa wamekuta hazina ya karatasi za Himmler, zimefichwa ndani ya pango huko Hallein, Austria, na kuzipeleka Heidelberg. Juni 1945 Alexander aliomba kuziona. Alikuta faili nzima yenye namba na kichwa kinachosema wazi ni majaribio ya kiganga. Ndani yake kulikuwa na barua ambayo Rascher aliandika Mei 1941 akimuomba Himmler amupe wafungwa, kwa sababu majaribio ya kupanda juu sana angani yanaweza kuua na hakuna mutu anayejitolea. Himmler aliitika. Kulikuwa na raporti, na shukrani za wakubwa. Kila kitu kilikuwa kimepigwa na mashini, kikatiwa tarehe na sahihi.

Karatasi zile zilieleza majaribio mawili makubwa. La kwanza lilifanyika mwaka 1942. Wafungwa waliingizwa katika chumba kidogo cha chuma, hewa ikaondolewa polepole mpaka inakuwa kama mutu yuko zaidi ya kilomita 12 juu, ao zaidi. Watu karibu 200 walipitia hapo; 70 mpaka 80 hawakutoka wazima. La pili lilianza Agosti 1942 na kuendelea mpaka 1943. Mufungwa alivalishwa nguo za rubani ao aliachwa uchi, akatiwa katika tangi ya maji ya baridi yaliyo karibu na kuganda, masaa mengi. Wengine waliachwa nje usiku kucha ndani ya barafu. Walipimwa joto la mwili, pigo la moyo, mukojo, damu. Watu kama 280 mpaka 300 walitumiwa, na 80 mpaka 90 walikufa. Hao walikuwa Warusi, Wapoland, Wayahudi, mapadri. Hakuna hata mumoja aliyeulizwa kama anakubali.

Mumoja aliyepona ni padri wa Polandi, Leo Michałowski. Alitiwa kwanza malaria, ile watu wengi huku wanaita palu, kisha akatupwa katika maji ya barafu. Alifika baadaye mbele ya tribinali kusimulia yote mawili. Majaribio ya malaria ya Dachau yalikuwa ya muzee Claus Schilling, ambaye aliambukiza wafungwa zaidi ya 1,000 ili ajaribu dawa zake. Alinyongwa Mei 1946. Jina la Schilling linatugusa karibu. Alikuwa mutaalamu wa magonjwa ya inchi za joto, alifanya kazi katika makoloni ya Ujerumani ya Afrika, na aliongoza idara katika taasisi ya Robert Koch, Berlin. Koch mwenyewe, mwaka 1906 na 1907, alikuwa katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda, akiwadunga wagonjwa wa usingizi dawa ya atoksili. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka. Kati ya Sese na Dachau kuna tofauti kubwa, hakuna anayeweza kusema ni jambo moja. Lakini kule Sese pia hakuna aliyetia sahihi.

Kazi ya Alexander haikuishia kwa maji ya barafu. Yeye alikuwa mutaalamu wa ubongo, na katika safari hiyo alifika Dillenburg kumuona Julius Hallervorden, mutu mwenye jina kubwa katika uchunguzi wa ubongo duniani pote. Alexander alijua kazi yake kwa miaka mingi. Hallervorden alimweleza bila wasiwasi kwamba alipokea mabongo ya wagonjwa wa akili na watoto walemavu waliouawa kwa amri ya serikali, katika ule mupango ambao kufikia Agosti 1941 peke yake ulikuwa umeua watu zaidi ya 70,000. Aliposikia kwamba wanakwenda kuuawa, alikuwa ameomba wasitupe ubongo. Alipata mamia. Kwake ilikuwa vifaa vizuri vya kazi, na mambo ya wapi vilitoka hayakumuhusu.

Hapo ndipo Alexander alipata uzito wa mambo. Rascher unaweza kumuita mwenda wazimu, ukamaliza. Hallervorden hakuwa mwenda wazimu. Alikuwa mwanasayansi wa kweli, mwenye adabu, anayekaribisha mugeni. Mambo aliyosema yaliingia katika raporti ya Alexander neno kwa neno, na raporti hiyo ilimufuata Hallervorden mpaka mwisho wa maisha yake. Hata hivyo hakufikishwa mbele ya tribinali yoyote. Aliendelea na kazi.

Alexander naye hakutoka safi kabisa kwenye jambo la Rascher. Katika raporti yake ya Julai 1945 alilaani mauaji, lakini aliandika vilevile kwamba matokeo juu ya kupasha mutu moto upesi yamefanyika kwa utaratibu wa kisayansi na yanaweza kuaminika. Ilikuwa hatari hiyo. Kwa miaka mingi waganga wa inchi zingine walitumia namba zile, wakitaja raporti yake. Yeye mwenyewe, alipoona ushahidi mwingine kwamba Rascher alikuwa mwongo hata mbele ya wakubwa wake, alirudi nyuma na kusema namba zile si za kutegemea. Lakini raporti ya kwanza ilikuwa imekwisha kusafiri. Mwaka 1990 muganga mumoja wa Marekani, Robert Berger, alizichambua tena kwa makini na kuonyesha kwamba hazikuwa na musingi: kazi ilikuwa ovyo, na sehemu zingine zilitungwa. Watu walikufa kwa ajili ya sayansi ambayo haikuwa hata sayansi.

Desemba 9, 1946, kesi ya waganga ilifunguliwa Nuremberg, katika jumba lile lile ambamo wakubwa wa Hitler walikuwa wamehukumiwa. Washitakiwa walikuwa 23, na 20 kati yao walikuwa waganga. Majuji walikuwa Wamarekani, na mwendesha mashitaka mukubwa alikuwa Telford Taylor. Alexander aliitwa kuwa mushauri wa kiganga wa upande wa mashitaka, pamoja na profesa Andrew Ivy wa Chicago. Kazi yake: kuhoji washitakiwa gerezani, kupima mashahidi, kueleza majuji maana ya karatasi.

Siku ambayo wengi wanakumbuka ni Desemba 20, 1946. Wanamuke wa Polandi waliletwa, waliopona kambi ya Ravensbrück. Huko, mwaka 1942 na 1943, wanamuke 74 wa Polandi, wengi wao wasichana wa vita vya siri juu ya Wajerumani, walipasuliwa miguu wakiwa wazima. Ndani ya vidonda viliingizwa mikrobi, vipande vya mbao na vya vioo, ili kuona kama dawa fulani inaponyesha. Wengine walikatwa mifupa na misuli. Wao wenyewe walijiita sungura, kwa sababu waliruka kwa muguu mumoja na kwa sababu walifanywa wanyama wa maabara.

Jadwiga Dzido alisimama mbele ya majuji. Alikuwa msichana aliyepeleka barua za siri kabla hajakamatwa 1941. Alexander alisimama karibu naye na kuonyesha, kwenye muguu wake wenyewe, mahali walipokata, misuli gani ilikosekana, mishipa gani ilikufa. Aliongea kama mwalimu mbele ya wanafunzi, pasipo kupandisha sauti. Pembeni, kwenye viti vya washitakiwa, walikuwako waliofanya kazi ile: Karl Gebhardt, Fritz Fischer, na Herta Oberheuser, mwanamuke peke yake kati ya washitakiwa wote. Picha ya siku hiyo ingaliko: mwanamuke amesimama, soksi imeshushwa, muganga ameinama kidogo na kidole kinaonyesha.

Kisha avoka wa washitakiwa walianza kujitetea, na kesi ikawa ngumu kuliko Wamarekani walivyofikiri. Robert Servatius, avoka wa Karl Brandt, alileta magazeti ya Marekani yenyewe. Aliuliza juu ya gereza la Stateville, jimbo la Illinois, ambako wakati wa vita waganga wa Marekani waliambukiza wafungwa malaria ili wajaribu dawa. Tofauti ni nini? Wale wa Stateville walitia sahihi, walijibu waendesha mashitaka. Lakini mufungwa ni huru kiasi gani kutia sahihi? Na tena, avoka wa Wajerumani waliuliza, sheria gani ya dunia ilikataza majaribio haya? Muonyeshe mustari mumoja ulioandikwa.

Swali hilo lilikuwa la ujanja, lakini lilikuwa swali. Kiapo cha zamani cha waganga kinasema muganga asimudhuru mugonjwa. Hakikusema kitu juu ya mutu muzima ambaye si mugonjwa wako, amefungwa, na unamutumia kujua jambo. Ujerumani yenyewe ilikuwa na maagizo ya 1931 yaliyodai mutu aitike mbele ya jaribio. Hayakumuokoa mutu hata mumoja Dachau. Kulihitajika kitu kilicho wazi.

Aprili 1947 Alexander aliandika kwa waendesha mashitaka karatasi yenye masharti sita. La kwanza lilihusu kuitika: mutu awe na uwezo wa kuamua, asilazimishwe, aelezwe hatari zote. Mengine yalisema jaribio liwe na faida ambayo haiwezi kupatikana njia nyingine, hatari isipite faida, wanaofanya wawe na ujuzi. Aliweka pia jambo juu ya wagonjwa wa akili: jamaa waitike, na mugonjwa mwenyewe pia pale anapoweza. Alikuwa muganga wao, aliwafikiria. Majuji hawakuchukua sehemu hiyo, na pengo lake lilileta shida miaka mingi baadaye.

Agosti 1947 tribinali ilitoa hukumu, na ndani ya hukumu ikaweka masharti kumi, yanayojulikana leo kama Kanuni ya Nuremberg. Mengi ya yale sita ya Alexander yanaonekana ndani, pamoja na mawazo ya Ivy. Majuji waliongeza yao, na moja ni kubwa: mutu aliye katika jaribio ana haki ya kujitoa wakati wowote. Waganga walikuwa wamefikiria wakati wa kuingia. Majuji walifikiria pia mulango wa kutokea. Wasomi wanabishana mpaka leo nani aliandika mustari gani.

Washitakiwa 16 walipatikana na hatia. Saba, kati yao Karl Brandt na Gebhardt, walinyongwa Landsberg, Juni 2, 1948. Saba waliachiliwa, na kati yao alikuwa Weltz, hata kama mumoja wa wasaidizi wake, Lutz, alishuhudia kwamba Weltz alimuomba afanye majaribio juu ya watu na yeye akakataa. Kwa hiyo iliwezekana kukataa, na Lutz hakuuawa kwa sababu hiyo. Oberheuser alipewa miaka 20, akatoka 1952, akafungua kazi ya uganga katika muji mudogo wa Ujerumani mpaka mwanamuke mumoja wa Ravensbrück alimutambua. Alinyanganywa ruhusa 1958. Strughold alipelekwa Marekani, kwa sababu walihitaji ujuzi wake wa mambo ya anga, akaheshimiwa huko miaka mingi.

Na Marekani kwenyewe? Wakati Alexander alikuwa anaonyesha kovu la Jadwiga Dzido, waganga wa serikali ya Marekani walikuwa Guatemala wakiambukiza wafungwa, askari na wagonjwa wa akili magonjwa ya zinaa, kwa siri, 1946 mpaka 1948. Ilijulikana 2010 tu. Huko Tuskegee, Alabama, wanaume weusi 399 wenye kaswende walikuwa wanaangaliwa tangu 1932 bila kutibiwa ili waganga waone namna ugonjwa unavyowamaliza, hata baada ya penisilini kupatikana. Iliendelea mpaka 1972. Waganga wengi wa Marekani waliona Kanuni ya Nuremberg kama sheria ya kuwazuia washenzi, si yao. Ilihitaji Tangazo la Helsinki la 1964, na aibu ya Tuskegee, ili karatasi ya kuitika iwe jambo la lazima kila mahali.

Alexander alirudi Boston. Julai 1949 aliandika makala katika gazeti kubwa la waganga la huko, akieleza namna yote ilivyoanza. Kwa maoni yake haikuanza na kambi wala na tangi za barafu. Ilianza na wazo dogo, ambalo waganga waliliruhusu kuingia kichwani: kwamba kuna watu ambao maisha yao hayana faida. Kwanza wagonjwa wa muda murefu tu, kisha wasiozaa matunda kwa inchi, kisha maadui wa siasa, kisha taifa zima. Aliwaonya Wamarekani wenzake kwamba wameanza kuchoka na wagonjwa wasioponyeka.

Maisha yake mengine yalikuwa ya muganga wa kawaida mwenye kazi nyingi. Alifundisha katika chuo cha Tufts, alitibu ugonjwa wa mishipa unaoharibu mwendo na macho, alisaidia polisi ya Boston katika miaka ya 1960 wakati wanamuke walikuwa wanauawa kwa kunyongwa majumbani mwao. Mwisho wa miaka ya 1950, wanamuke 35 wa Ravensbrück walisafirishwa kuja Marekani kutibiwa, baada ya kampeni ya watu wenye huruma. Ujerumani Magharibi ilikuwa imekataa kuwalipa kwa sababu Polandi ilikuwa upande wa Wakomunisti. Alexander alikuwa kati ya waliosaidia. Miguu ile aliijua.

Alikufa kwa kansa Julai 20, 1985, huko Weston, karibu na Boston, akiwa na karibu miaka 80.

Mabongo ya Hallervorden yalikuwa bado kwenye makabati. Vipande vyake, vimekatwa vyembamba na kuwekwa juu ya vioo, vilibaki katika taasisi za Ujerumani zaidi ya miaka 40 na vilitumiwa katika uchunguzi. Mwaka 1990 vilipelekwa kwenye makaburi ya Munich, vikazikwa.